Kitabu cha picha cha Krismasi kuhusu kutoa: nichukue kipi kati ya hivi vitatu?

Kaskazi_Tanga
Habari za jioni wana jukwaa. Natafuta kitabu cha picha cha Krismasi kinachomfundisha mtoto kutoa. Leo nimezunguka mjini tangu asubuhi, nimebakiwa na vitatu. Cha kwanza ni cha Kiingereza, jalada gumu, picha zinavutia kweli: mtoto anampa mwenzie glavu zake kwenye theluji. 25,000. Cha pili ni kijitabu cha Kiswahili cha Mamajusi, kurasa 16, kimebanwa pini, 4,000. Cha tatu ni Mtakatifu Nikolao, Kiswahili na Kiingereza pamoja, 12,000. Muuzaji ameniwekea mpaka Jumamosi. Nisaidieni.

WajaLeo
Mtoto ana miaka mingapi? Anasoma mwenyewe au anasomewa? Bajeti je? Bila hayo tunapiga ramli tu.

MamaMabawa
Mimi nasema Mamajusi, tena bila kusita. Wangu alikuwa na miaka mitano nilipomsomea. Tulipofika kwenye dhahabu, uvumba na manemane akaniuliza uvumba ndiyo nini. Nikawasha mkaa kwenye chetezo, nikatia ubani punje mbili. Moshi ulipopanda akasema, "Kumbe Yesu aliletewa harufu ya kwa bibi!" Hajasahau mpaka leo. Hiyo theluji utamwonyesha wapi hapa Tanga, Desemba na joto hili?

Mlimani_Lushoto
Dada, theluji ipo Kilimanjaro, nchi hii hii. Mtoto si lazima aonyeshwe kila kitu.

MwalimuJioni
Chukua Nikolao. Alikuwa askofu wa Mira, ambako leo ni Uturuki, karne ya 4. Inasimuliwa kwamba baba mmoja alifilisika, ana binti watatu na hana cha kuwaozeshea. Nikolao akapita usiku akatupa mfuko wa dhahabu dirishani, asijulikane. Hapo ndipo penye somo. Watoto wetu tunawafundisha kutoa huku tukiwapiga picha, wakati Mathayo 6 inasema mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume.

MamaMabawa
Mwalimu, nakuheshimu, lakini hadithi hiyo niliwahi kuisoma kwa watoto wa mtaani. Swali la kwanza: "Mbona baba wa binti ndiye anatafuta mahari?" Huku mahari inatoka kwa mwanamume. Nilitumia nusu saa kueleza desturi za watu wa kule, kutoa kwenyewe hatukufika.

MwalimuJioni
Sasa si ndiyo vizuri mtoto akiuliza?

Bibi_wa_Chumbageni
Wanangu, kabla ya hadithi, kagueni kitabu chenyewe. Mwaka juzi nilimwagizia mjukuu wangu kitabu kutoka Dar, kikaja kwa basi, nikakifuata stendi ya Kange kwa bajaji na jua lile. Jalada linang'aa, nikafurahi. Usiku wa mkesha tumekaa mkekani, yeye na binamu zake wawili. Hadithi ni ya msichana mwenye mkate mmoja, na mlangoni amesimama mzee mwenye njaa. Ukurasa wa 8 anaushika mkate. Nafunua, nakutana na ukurasa wa 13, watu wanaimba! Kurasa nne hazikuwamo, na ndizo za kutoa zenyewe. Nikampigia aliyeniuzia, akasema mali ikishatoka hairudi. Watoto wakaanza kubishana. Mmoja akasema alimpa nusu, mwingine akasema wote. Mjukuu wangu, ndiye mdogo, akasema alimpa wote halafu mzee akamkatia. Nilimkumbatia, lakini uchungu wa kile kitabu ninao bado. Kwa hiyo, Kaskazi, simama hapo hapo dukani, hesabu kurasa moja moja, vuta na pini uone kama zimeshika.

WajaLeo
Pole sana bibi. Kaskazi uko wapi? Hujajibu umri.

Kaskazi_Tanga
Samahanini, nilikuwa kazini. Si mtoto mmoja. Ni Shule ya Jumapili, watoto 31, wa miaka 4 hadi 10. Wazazi wamechanga 30,000. Nitawasomea mkesha wa Krismasi.

WajaLeo
Ndugu yangu! Hilo lilipaswa kuwa la kwanza. Watoto 31 hawawezi kuona kitabu kimoja, wa nyuma watacheza tu. Vijitabu saba ni 28,000, kila kimoja watoto wanne au watano.

MwalimuJioni
Kama ni Mamajusi, usiwaambie walikuwa watatu. Mathayo 2 haitaji idadi yao, zawadi ndizo tatu.

Mlimani_Lushoto
Mwalimu, michoro yote ina watatu, atawafuta?

Jirani_Barabara_ya_8
Mimi ni Mwislamu, mniruhusu neno. Nimekulia Ngamiani. Krismasi mama wa jirani alituletea pilau, sahani imefunikwa kawa. Mama yangu hakuirudisha tupu kamwe: Idi ikifika ilirudi na biriani au mikate ya kumimina. Mimi ndiye niliyekuwa nikitumwa, naishika kwa mikono miwili, moto unanichoma vidole, na siruhusiwi kuonja. Kutoa nilijifunzia njiani hapo. Kaskazi, wape watoto sahani wabebe.

Bibi_wa_Chumbageni
Umenikumbusha kawa, mwanangu. Siku hizi wanafunika kwa plastiki, chakula kinatoa jasho. Nani anajua wanakosuka kawa nzuri bado?

Jirani_Barabara_ya_8
Bibi, shangazi yangu Pangani anasuka. Nitamuuliza.

MamaMabawa
Na mimi niwekee mbili.

WajaLeo
Kaskazi, Jumamosi imepita. Umechukua kipi?

Kaskazi_Tanga
Nilikuta duka limefungwa, narudi Jumatatu. Vijitabu anavyo vitano tu, kwa hiyo bado napiga hesabu. MamaMabawa, hicho chetezo chako naweza kukiazima?