Mjadala: Damu za watoto, masikio ya ng'ombe na vigae vyetu, viende ng'ambo au vibaki hapa?

Mzee wa Wingwi

Assalaam alaykum jamani. Leo nataka kila mtu aseme lake, ila matusi sitaki. Suali lenyewe ni hili: hawa watafiti wa vyuo vikuu vya nje wanaokuja huku wakachukua mkojo na damu za watoto wetu, vipande vya masikio ya ng'ombe wetu na vigae vya vyungu vya kale kule kwenye magofu, turuhusu vitu hivi vitoke visiwani au tuseme basi, kitu kisomwe hapa hapa?

Mie nianze na langu. Mwaka juzi walikuja watu skulini kwa mjukuu wangu kupima kichocho. Kila mtoto kapewa kikopo kina namba, cha wangu 217, nakumbuka kwa sababu alikuja nacho chengine nyumbani kuchezea. Wakaambiwa wakimbie uwanjani kwanza ndio wakojoe, na iwe baina ya saa nne na saa nane mchana, ati wakati huo ndio mayai ya mdudu yanatoka kwa wingi. Wa kwake ulitoka mwekundu kama chai ya rangi. Kapimwa urefu kwa ile fimbo ya kukadiria dawa, kapewa vidonge viwili na nusu, vikubwa vichungu, kavitapika kimoja kapewa tena. Amepona alhamdulillah, na hapo sina neno, nashukuru.

Lakini mwezi ule ule wakaja wengine uwani kwangu, wale wa mifugo, wakamtoboa sikio dume langu na majike mawili kwa koleo dogo, kile kinyama wakakitia kwenye chupa ya kizibo chekundu. Karatasi ya Kiingereza kurasa tatu, mtu mzima naambiwa tia saini hapo chini. Nikatia. Nikauliza majibu lini, nikaambiwa "yatakuja mzee". Mpaka leo. Dume lenyewe nshaliuza, pesa zake nimeshazila, jibu halijaja!

Sasa mie nasema hivi: kitu kisitoke mpaka majibu ya kile cha mwanzo yasomwe kwenye shehia, kwa Kiswahili, mbele za watu. Nani ananipinga?

Bint Wesha

Shikamoo ami. Mie nakupinga, na nakupinga kwa adabu. Nimefanya kazi ya unesi miaka mingi hapa Pemba na nimeona pande zote mbili.

Kwanza watu wanasahau kuwa tunayo maabara yetu ya Ivo de Carneri pale Wawi, ipo toka 2000, minyoo na kichocho vinasomwa pale pale na vijana wetu, darubini zipo, kwa iyo sio kila mkojo unapanda ndege. Pili nikupe kisa kimoja ambacho mimi kila nikikikumbuka mwili unanisisimka. Kuna utafiti ulifanywa hapa hapa Pemba, watoto zaidi ya 24,000, wa mwezi mmoja mpaka chini ya miaka mitatu, wengine wakapewa madini ya chuma na foliki, wengine wakapewa vidonge vitupu. Dunia nzima wakati huo ilikuwa inaamini mtoto mwenye upungufu wa damu mpe chuma tu. Kumbe kwenye malaria kali kama ilivyokuwa kwetu zama zile, wale waliopewa chuma walikuwa na asilimia 12 zaidi ya kufa au kulazwa. Ilipoonekana hivyo 2003 wakasimamisha upande wa chuma, matokeo yakatoka kwenye jarida la udaktari la Lancet 2006, na ushauri wa kugawa chuma kwa watoto kwenye nchi za malaria ukabadilika. Sasa niambie ami, tungekataa? Watoto wangapi wa Afrika nzima wangeendelea kulishwa kitu kinachowadhuru na kila mtu anaona ni dawa?

Mvuvi wa Tumbe

Bint Wesha umesema vizuri lakini umejipiga mwenyewe. Hao watoto waliolazwa ni wa nani? Wa Geneva? Ni wetu. Mama wa Konde au wa Kengeja alimpa mwanawe kidonge kaambiwa kitamuongezea damu. Dunia imejifunza, sawa, lakini sisi ndio tulolipa ada ya skuli hiyo.

Bint Wesha

Sikatai hilo. Na ndio maana kuna kamati inayoangalia katikati ya utafiti na kusema simamisha, na wakasimamisha. Bila ya hesabu zile kidonge kingeendelea kugawiwa na hao hao watoto wangelazwa na sote tungesema ni amri ya Mungu tu, malaria.

Mfugaji wa Donge

Mie niko Unguja, nina ng'ombe sita, wawili wa maziwa wenye damu ya Friesian na hao wanne wa kienyeji wa nundu. Wazee hapa Donge watakwambia zama za mbung'o ulikuwa huwezi kuweka ng'ombe wa kizungu karibu na msitu, wanakonda wanakufa. Nini kilichoondoa mbung'o Unguja? Utafiti wa watu wa nje pamoja na wetu. Wakafuga mbung'o Tanga mamilioni, madume wakapigwa mionzi wasizae, wakamwagwa kwa ndege toka 1994, jike la mwituni likipandwa na dume bovu basi limekwisha. Zaidi ya milioni 8 walimwagwa. Mbung'o wa mwisho wa mwituni kanaswa Septemba 1996, na toka hapo hakuna tena. Maziwa mnayokunywa mjini leo yanatokana na hapo.

Na hilo sikio la ng'ombe ami wacha nikueleze kwa nini wanalitaka. Ugonjwa unaotumaliza sisi sasa ni ndigana kali, unaletwa na kupe, yule kahawia anaekaa ndani ya masikio. Ng'ombe wangu mmoja wa kizungu, namkumbuka, asubuhi kavimba tezi chini ya sikio kama limau, siku ya tano anahema mdomo wazi povu linamtoka, siku ya nane nishamzika. Huyu wa nundu jirani yake, kupe wale wale, malisho yale yale, kakohoa kohoa kaendelea kula majani. Kwa nini? Ndio wanachotafuta kwenye kile kinyama cha sikio. Watu wa taasisi ya Roslin kule Edinburgh na wa ILRI, kituo cha utafiti wa mifugo Nairobi, 2022 walisema wamepata jeni, yaani kile kinachorithiwa toka kwa wazazi, inaitwa FAF1B kwa baadhi ya ng'ombe wa Boran wa Kenya, wenye nayo wanaihimili ndigana. Sasa ukimpata dume mwenye nayo, ukafanya uhamilishaji kwa mbegu zake, si tumeokoka? Mie nawapa masikio yote mawili na mkia wakitaka.

Nilimwambia jirani yangu kuhusu jeni akanambia "astaghfirullah unataka kumtia ng'ombe majini" hahaha. Nikamwambia jeni sio jini bwana we.

Mzee wa Wingwi

Haya Donge, hiyo Boran ni ya Kenya. Ya kwangu je? Dume langu lilikuwa la nundu vile vile, miaka kumi halijaumwa hata siku moja. Ikiwa lilikuwa nayo hiyo jeni basi nimeliuza nikala pilau bila ya kujua! Angenambia mtu mapema ningeliweka nikalipandishia majike ya Wingwi nzima. Ndio maana yangu.

Mfugaji wa Donge

Apo umenshika mzee. Apo kweli.

Mwanafunzi Tunguu

Wazee shkamooni. Mimi nasoma chuo hapa Tunguu, naomba nieleze kidogo upande wa mashine kwa sababu watu wanasema "kisomwe hapa" kana kwamba ni kitabu. DNA, yaani maandishi ya urithi yaliyomo mwilini, ikiwa ya mfupa wa kale inataka chumba ambacho hata hewa inachujwa, mtu anavaa kama mtu wa mwezini, maana chembe moja ya jasho lako ikiingia basi umejisoma wewe mwenyewe sio mfupa. Na sampuli mbichi zinataka friza la chini ya nyuzi 80 za baridi mwaka mzima. Mshasahau Disemba 2009? Unguja giza miezi mitatu, watu wanapasua samaki usiku kwa mshumaa maana friza ndio kabati. Sampuli za mtu zingeoza zote.

Mvuvi wa Tumbe

Nyinyi wa Unguja miezi mitatu mnaisimulia mpaka leo, sie Pemba kabla ya waya wa Tanga 2010 tulikuwa na majenereta ya Wesha yakiamua yenyewe lini tuone. Tumeishi. Jenga friza, weka sola.

Mwanafunzi Tunguu

😂 sawa. Lakini nilitaka kufika kwenye vigae, kwa sababu hapo nina hoja nyengine. Mnajua kuwa Unguja Ukuu kuna vigae vya mwisho wa zama za Warumi? Na hili hakulisema mzungu, alilisema Abdurahman Juma, Mzanzibari, kwenye jarida la Antiquity 1996, kisha akaandika tasnifu yake chuo cha Uppsala, Sweden, 2004. Vyungu vilivyotoka huko Bahari ya Kati vikafika fukwe zetu. Na mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza walishakitaja kisiwa cha Menouthias, wengine wanasema ni Unguja, wengine Pemba, wengine Mafia, kila mtu anavutia kwake. Wachimbaji waliokuja baadae wakaona mji wenyewe wa Unguja Ukuu unaanza kama karne ya 7 hivi, na kuku na panya weusi nao ndio wanaonekana wazi karibu na wakati huo. Yaani kuku wetu wa kienyeji ni mhamiaji kama wageni wengine.

Sasa angalieni wenyewe Warumi wanavyosomwa. York, Uingereza, kuna makaburi ya Kirumi yalichimbwa Driffield Terrace 2004, na 2025 ikatoka karatasi ya utafiti kuwa kijana mmoja pale ana alama za meno ya simba kwenye nyonga. Simba York! Wakalinganisha na mifupa iliyotafunwa na simba wa kwenye zuu, zikaingiana. Na aliyeongoza utafiti hakuwa wa York, ni wa chuo cha Maynooth, Ireland. Kwa iyo hata wao wanapelekeana mifupa. Tofauti ni kwamba mtu wa York aliyesoma mpaka darasa la sita, wiki ile ile ilipotoka, alikisoma kisa chote kwenye gazeti kwa lugha yake akakijadili kwenye basi.

Mvuvi wa Tumbe

Hapo sasa umefika nyumbani kijana. Hapa Tumbe walichimba miaka ya 2000 mwanzoni, watu wa chuo cha Virginia, Marekani, wakachimba na Chwaka ya hapa Pemba. Wewe unajua walichokuta? Punje zilizoungua. Babu zetu wa Tumbe karne ya 8, ya 9, walikuwa wakila uwele! Mchele ukaja kushika baadae kule Chwaka. Mpemba, anaekula wali mchana na usiku, babu yake uwele! Hili mie nimelijua kwa mgeni wa kitalii alonieleza ndani ya ngalawa yangu, nami ndie nilozaliwa hatua mia mbili na shimo lenyewe.

Na kuna pango la Makangale, mifupa ya watu imetoka humo, DNA yake ikasomwa chuo cha Harvard, Marekani, ikatoka 2017. Mmoja wa miaka 1,400 nyuma ni kizazi cha wawindaji wa kale, mwengine wa miaka 600 ni Mbantu kabisa. Waulize watu wa Makangale nani kawaambia.

Kijukuu cha Shirazi

Mmegusa pangu. Ile ya jarida la Nature Machi 2023 mmeiona? DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wa pwani, wake wengi damu ya Kiafrika, waume wengi Waajemi, wamechanganyika kama mwaka 1000. Bibi yangu alikuwa akituambia hivi hivi anasuka ukili barazani na watu wanamcheka. Washirazi si hadithi!

Mwanafunzi Tunguu

Pole pole ndugu yangu. Mifupa ile ya pwani ni ya Mtwapa, Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, Lindi. Hakuna hata mfupa mmoja wa Unguja wala Pemba mle. Na makaburi mengi ni ya watu wenye nafasi mjini, sio mvuvi wa kawaida. Bibi yako huenda ni mkweli lakini karatasi ile sio yake.

Kijukuu cha Shirazi

Kwa iyo wachimbe na kwetu basi wamalize ubishi.

Bint Wesha

Wachimbe makaburi ya Waislamu? Haya anza na la bibi yako.

Kijukuu cha Shirazi

... Hapana sio la bibi.

Mzee wa Wingwi

Hahaha mmeona. Kila mtu anataka mfupa utoke ila usiwe wa kwao.

Nirudi kwenye langu. Bint Wesha umenishinda kwenye chuma, sikujua kisa kile, na mimi wanangu wawili walikuwa wadogo miaka ile. Nitamuuliza mama yao kama walipewa. Kwa iyo la "kisitoke" nalilegeza, kitoke. Ila lile la pili sishuki: karatasi iwe Kiswahili, na ile nakala yake nibaki nayo mkononi ikiwa na nambari ya sampuli na nambari ya simu ya mtu wa hapa hapa, sio ya Ulaya, mie salio la kupiga Ulaya nalitoa wapi. Kibali kikitolewa kiandikwe siku ya kurudi. Asiyerudi, mara ya pili asipewe.

Mfugaji wa Donge

Mzee hilo la kibali nani atalisimamia, sheha? Sheha wangu anasimamia mpaka ugomvi wa minazi.

Mzee wa Wingwi

Basi tuanze na huyo huyo. Jumatatu naenda kwa sheha wangu, alikuwepo siku ile, ndie alonionyesha pa kutia saini. Lazima ana jina la chuo kwenye daftari lake. Yale majike mawili bado ninayo, kitobo kwenye sikio kinaonekana mpaka leo, nitawapiga picha niziweke hapa, na mwenye kujua chupa za kizibo chekundu zilikwenda wapi anambie.