Mrejesho: krosi za propela shafti kufa mapema

Wakuu, niliuliza kwa nini krosi (kiungo chenye mikono minne kinachoiacha shafti izunguke ikiwa kwenye pembe) ya nyuma ya propela shafti (chuma kirefu kinachopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma) ya Hilux yangu inakufa kila nikibadilisha, na gari linatetema likishika mwendo. Tatizo limepatikana. Krosi tuliyoitoa ilikuwa na grisi ya kutosha, ila mikono yake ina michirizi ya vijiti vya beringi, kama imekwaruzwa kwa msumari. Fundi akalala chini, akanionyesha uma (vishikio vya krosi) za ncha mbili za shafti ya nyuma: hazikai mstari mmoja, na ndicho kinachoua krosi na kuleta mtetemo! Waliobadilisha senta beringi (beringi inayoshika shafti katikati) zamani waliichomoa shafti kwenye meno yake ya kuunganishia wakairudisha bila kuweka alama ya ilivyokaa. Tumezilinganisha uma hizo, tumefunga krosi mpya, mtetemo umekwisha hata nikiwa na mzigo. Mliosema nisinunue krosi nyingine kabla ya kukagua shafti yenyewe, Mungu awabariki sana.