Kocha anachagua vipaji kwa kimo, mipira bado iko kwenye neti!

Wakuu nimetoka uwanjani sasa hivi mikono inatetemeka, nikikosea herufi mnivumilie. Yule kocha mnamjua, jina sitaji, yule wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Leo kwenye majaribio ya U13, watoto chini ya miaka 13, kawapanga watoto mstari akawa anapita anawashika mabega kama anachagua mbuzi wa Idi, "wewe baki, wewe baki, wewe nenda nyumbani kale ugali". Aliyeambiwa akale ugali ni mpwa wangu. HATA MPIRA HAJAGUSA. Mipira yenyewe iko kwenye neti, fundo halijafunguliwa!!

Sasa waliobaki jamani, kuna mmoja ana ndevu na sauti ya kunadia mitumba, nusura nimpe shikamoo. Huyo ndo kipaji! Modrić wa Croatia, klabu ya Hajduk Split walimuona kadogo wakamuacha, 2018 kabeba Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora duniani. Griezmann klabu za kwao Ufaransa zilimkataa kisa kimo, akachukuliwa na Real Sociedad huko Hispania, na Kombe la Dunia 2018 kabeba. Kwa huyu wetu wote wangerudishwa wakale ugali. Kwenye neti wakuu, mipira iko KWENYE NETI, na hela ya fomu kala.

Fundi Saa: Pole mkuu. Ugali kashakula lakini? 😂😂

Kijogoo wa Mjini: Wajomba mna shida, kila mpwa ni Samatta. Weka video tuone.

Mleta uzi: Video ya nini we jamaa wakati mpira haukutoka kwenye neti???

Chawa Mstaafu: Huyo mwenye ndevu ndo ishu. 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, tulienda AFCON U17 Gabon baada ya Congo Brazzaville kutolewa, mchezaji wao hakutokea kupimwa umri kwa MRI ya kifundo cha mkono. Ikija hiyo mashine mtaani kwenu watabaki waokota mipira tu.

Mama Wawili: Bora wenu kafupi. Binti yangu ni mrefu basi kila UMISSETA, ile michezo ya sekondari, anakokotwa kwenye netiboli akae golini, mwenyewe anataka kukimbia mita 400. Nikilalamika naambiwa "mama, urefu huo tuupoteze?"

Dogo Desemba: Mimi nimezaliwa mwisho wa Desemba, nilikuwa napangwa na wa Januari wa mwaka huohuo, karibu mwaka mzima wamenizidi. Wakinipiga kikumbo kocha anasema sina kipaji. Saizi nauza vocha.

Kijogoo wa Mjini: Kwa hiyo Desemba ndo imekunyima namba? 😂 sema mguu mbovu

Fundi Saa: Fomu mlilipa ngapi kwani?

Mleta uzi: Buku kumi. Na narudia, ilikuwa kwenye ne

Baba Swaumu: Buku kumi unalia? Huku kwetu ishirini na hela ya jezi juu, jezi hatujaziona.

Mama Wawili: Sisi zilikuja, zote saizi ya mtu mzima.

Chawa Mstaafu: Si wampe yule mwenye ndevu

Baba Swaumu: Mnacheka, mweka hazina wetu kabadilisha laini ya simu. Mwenye namba yake mpya aje PM.