Cooper Creek: mkondo unapotelea wapi baada ya Windorah?

MchoraRamani:
Wakuu, nachora mkondo wa Cooper Creek, Australia, kwa data ya mwinuko ya SRTM (iliyopimwa kwa rada kutoka angani). Mito ya Thomson na Barcoo imetoka vizuri hadi inapokutana kaskazini mwa Windorah, Queensland. Kuanzia hapo programu inanipa mistari iliyonyooka kama imepigwa rula, na ikifika Innamincka mstari unakata kwenda kusini badala ya kufuata Ziwa Kati Thanda (Eyre). Nimekosea wapi? Na imekuwaje mito miwili ikikutana izae kijito (maana "creek" ni kijito)?

Tambarare:
Mkuu, yamekukuta makosa mawili kwa pamoja.

La kwanza ni ile hatua ya kujaza mashimo. Programu nyingi huchukulia kwamba maji yote lazima yafike baharini, kwa hiyo bonde lolote lisilo na njia ya kutokea hujazwa mpaka lifurike. Sasa bonde hili lote halina njia ya baharini: mwisho wake ni Kati Thanda, ambako sehemu za chini kabisa ziko mita 15 hivi chini ya usawa wa bahari. Ukilijaza, unapata uwanda bapa wa bandia, na juu ya ubapa programu haina la kufanya ila kuchora mistari iliyonyooka. Dawa yake: kata data ifuate mpaka wa bonde, weka seli (kisanduku kimoja cha data) isiyo na thamani kwenye ghuba ya Madigan au Belt ya ziwa hilo iwe ndiyo tundu la kutokea maji, kisha tumia kutoboa vizuizi badala ya kujaza mashimo.

La pili ni miti. Kandokando ya mikondo kuna mikaratusi, na rada ya SRTM husoma vilele vyake, si ardhi. Mteremko wa huku hauzidi sentimita 30 kwa kilomita. Mstari wa miti wenye mita kadhaa unatosha kuufanya mkondo uonekane kama tuta, na maji ya programu yanaukwepa. Achana na SRTM ghafi. Chukua DEM-H, data ya mwinuko iliyosafishwa ya Geoscience Australia (taasisi ya serikali ya jiolojia na ramani): miti imeshaondolewa na mikondo imeshachongwa.

Lindi:
Naongezea hapo pa Innamincka, maana kile siyo kosa lote. Juu ya mji huo Cooper unabanwa na miinuko ya mawe, na mikondo iliyokuwa imetawanyika kwa makumi ya kilomita inarudi kuwa mmoja. Ndipo lilipo dimbwi la Cullyamurra, lenye kina kikubwa na lisilokauka. Ukitoka kwenye ule mbano mto unagawanyika tena: Strzelecki Creek unashuka kusini kuelekea Ziwa Blanche, tawi la kaskazini-magharibi linalisha maziwa ya Coongie, na mkondo mkuu unaelekea magharibi, unavuka barabara ya Birdsville ndipo uingie Kati Thanda. Programu yako hupeleka kila seli kwa jirani mmoja tu, kwa hiyo haiwezi kugawa maji. Imechagua Strzelecki, ambao kwa kweli hupata maji mafuriko yanapokuwa makubwa tu.

Sehemu hii chora kwa mkono juu ya picha za satelaiti za Landsat za mwaka 2010, Cooper ulipofika ziwani. Tumia bendi ya infraredi ya mawimbi mafupi. Katika rangi za kawaida maji ya Cooper yana tope hata yanafanana na udongo. Kwenye infraredi hiyo yanakuwa meusi tii. Usitumie za 2019: ziwa lilipata maji, lakini yaliingia kupitia mkondo wa Warburton, kutoka mito ya Diamantina na Georgina.

Kuhusu jina: mpelelezi Sturt aliupitia mwaka 1845 akakuta maji yamesimama, akaona haustahili kuitwa mto. Mwaka uliofuata mpelelezi mwingine, Mitchell, aliiona Barcoo akadhani inakwenda pwani ya kaskazini-magharibi, akaipa jina la Victoria, ambalo halikudumu. Mpelelezi Kennedy aliifuata mwaka 1847 na kuona inageukia kusini-magharibi, kwenye Cooper. Kila kipande kikabaki na jina lake.

MchoraRamani:
Asanteni sana, seli ya Madigan imeondoa ile mistari iliyonyooka. Kutoka Innamincka hadi ziwani nichore mstari wa nukta?

Tambarare:
Ndiyo, ila usiweke nukta mto mzima. Madimbwi ya kudumu kama Cullyamurra yachore kama poligoni (maumbo yaliyofungwa) zenye rangi kamili, maana samaki na ndege huyategemea miaka ambayo mkondo wenyewe hautiririki. Mikondo inayoyaunganisha ndiyo iwe ya nukta.

Lindi:
Na uwanda wa mafuriko uutie kivuli chepesi, hasa chini ya Windorah. Msomaji akiona mstari mmoja pale atadhani maji yanapita kama kwenye bomba, wakati mengi huishia papo hapo: yanazama kwenye nyufa za udongo wa mfinyanzi, mengine yanakuwa mvuke. Data ya Landsat ya Geoscience Australia inayoonyesha kila pikseli imeonekana na maji mara ngapi itakupa mpaka wa kivuli hicho.