Ati "ungetumia jembe ungekuwa umeshamaliza"! Naombeni mnishike kabla sijamfuata

Wakuu, naandika mikono bado ina udongo, kwa hiyo makosa ya herufi mtanisamehe. Makosa ya mtu mzima kunivua nguo mbele ya mteja siyasamehi.

Mnamjua. Simtaji. Yule ambaye ukiweka picha ya injini humu yeye ameshajibu kabla picha haijafunguka. Yule ambaye neno "sijui" halijawahi kupita kwenye koo lake, nahisi hata siku anazaliwa alimwelekeza mkunga pa kushika. Huyo huyo.

Mtakumbuka nilileta swali hapa: nina lori la volti 24, nimepata keekee ya haidroliki ya kufunga nyuma, kipenyo sentimita 30, nataka kuchimba mashimo ya nguzo yenye kina cha mita moja na nusu, sasa nguvu niitoe wapi? Niweke PTO kwenye gia boksi (kile kifaa cha kuchota nguvu ya injini ya lori kizungushe pampu ya oili), nifunge injini ndogo pembeni, au nitumie umeme wa betri? Mkachangia vizuri tu. Nilikuwa nimeshaegemea PTO. Ndipo mwenzetu akanifuata inboksi: "Kijana, achana na hao. PTO utafungua gia boksi ya watu bure, injini ndogo ni kelele. Chukua ile pampu ya umeme ya mlango wa kupandishia mizigo, waya mbili tu, unachimba kimya kimya. Na injini ya lori uzime, uokoe mafuta."

Uzime. Na mimi, mtoto wa watu, nikazima.

Shimo la kwanza mchanga laini, likaenda. Yaani lilienda kwa maana ya kwamba lilifika. Nilihesabu mzunguko wa keekee, ni mara kumi na moja kwa dakika. Kumi na moja! Mshale wa saa ulikuwa unanionea huruma. Shimo la pili tukakutana na mfinyanzi, kwenye mita moja hivi. Mota ikaanza kuimba mmmmmm, mmmm, mmm, mm, rangi yake inanukia kama pasi iliyosahauliwa kwenye shati, halafu kimya. Nikavuta mkono wa valvu nirudishe keekee nyuma. Tak. Nikavuta tena. Tak. Nikakimbilia kwenye kebini ya dereva niwashe lori. Tak.

Lori zima limefungwa ardhini kama mbuzi kwenye kigingi, na kigingi nimekichomeka mwenyewe.

Ndio akatokea. Nilimwalika mimi, aje aone kazi ya ushauri wake. Mkono mmoja mfukoni. Akaangalia shimo. Akamwangalia mteja. Akarudi kuangalia shimo. Akasema, kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu: "Ungetumia jembe ungekuwa umeshamaliza."

Mteja akacheka hadi akashika bampa.

YEYE ndiye aliyenituma! Angesema "pole", ningepoa. Angenyamaza, ningepoa. Jembe! Na mkono ule hakuutoa mfukoni, wakuu, hata wakati anasema jembe mkono uko mfukoni, kama vile jembe lenyewe analo humo. Na kinachonichoma zaidi ni kwamba keekee tuliitoa kwa jembe. Jembe la mteja. Saa moja na nusu tunachimbua mashine ya kuchimbia. Jembe!

Semeni kitu.

Grisi_Mkononi: Pole mkuu. Nimecheka nikiwa chini ya gari, nimejigonga paji la uso kwenye difu. Hiyo "tak" ya tatu imenimaliza.

Kokoto: Ngoja nielewe. Ulizima injini, ukachimba na betri zile zile za kuwashia lori, halafu unamlaumu mtu?

Mwenye uzi: Ndiyo namlaumu! Alisema zima! Na aliyesema jembe ni nani, ni betri?

Kokoto: Jembe halina betri, ndiyo hoja yake.

Mama Spana: Mdogo wangu, pole, lakini acha nikueleze kitu ambacho ungekipata kwenye kipande cha karatasi. Presha unazidisha kwa lita za kila dakika, unagawanya kwa 600, unapata kilowati. Keekee ya saizi yako ili izunguke vizuri inataka kama lita 60 kwa dakika kwenye presha ya bar 150. Hiyo ni kilowati 15 kwenye oili tu, bado zinazopotea njiani. Pampu ya mlango yako ina ngapi?

Mwenye uzi: Imeandikwa 3.

Mama Spana: Tatu. Sasa hizo 15 ukitaka kuzitoa kwenye volti 24 ni zaidi ya ampea 600 bila kukoma. Alteneta ya lori, ile inayochaji betri, inatoa ngapi, 80? Hata injini ungeiacha inaunguruma ungekufa tu, ila ungekufa polepole. Pampu ile imetengenezwa inyanyue mlango kwa sekunde chache, ipumzike. Wewe umeipa kazi ya shamba. Hata hivyo mwambie huyo bwana mkubwa nimesema hana adabu. Mbele ya mteja hasemi hivyo.

Mwenye uzi: ASANTE dada. Mkono mfukoni!

Gia_ya_Tano: Haya, tumalize. PTO, basi. Lori lako lina nguvu za farasi (HP) zaidi ya mia zimekaa bure, unahangaika na betri? Pampu ya cc 60 (sentimita za ujazo) kila mzunguko, ikizunguka mara 1000 kwa dakika, lita 60 hizo hapo. Unakanyaga klachi, unaingiza PTO, unaachia, unachimba. Nashangaa watu wanauliza.

Silensa_Mbovu: Unashangaa kwa sababu hujawahi kumwajiri dereva wangu. Alimaliza kuchimba, akasahau kutoa PTO, akaondoka nayo barabarani. Pampu inazunguka kwa spidi ya safari, oili inazunguka bure, inachemka. Nilipoifungua ndani ilikuwa imekwanguka kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa injini ya pembeni. Injini yake, tangi lake, kazi yake. Lori limezimwa kabisa na betri zake zimelala.

Gia_ya_Tano: Kufunga taa ya onyo kwenye dashibodi ni kazi ndogo, inawaka PTO ikiwa ndani. Usilaumu PTO kwa dereva.

Silensa_Mbovu: Taa ilikuwepo. Aliifunika kwa kitambaa, anasema inamuumiza macho usiku.

Grisi_Mkononi: Huyu dereva afunguliwe uzi wake.

Kokoto: Injini ya pembeni nayo mnaisifia kama haina dhambi. Mimi niliambiwa HP 13 inatosha. Kwenye karatasi ni kilowati 9 na ushee. Ukitoa zinazoliwa na pampu, kwa lita 60 unabaki na bar 80 tu. Keekee inazunguka kwa mbwembwe hewani, inapendeza kweli, ikigusa kokoto injini inapiga chafya na kuzima. Halafu kamba. Kuvuta kamba asubuhi ya baridi, bega limekuwa refu kuliko jingine.

Silensa_Mbovu: Ulinunua ndogo. Kwa kazi hiyo unatafuta 25 kwenda juu, na stata ya umeme. Usilaumu injini kwa uchumi wako.

Kokoto: Uchumi wangu umeingiaje hapa?

Mwenye uzi: Wakuu, naona tunatoka nje. Hebu fikirieni, mtu mwenyewe ndiye kanishauri, halafu anakuja anasema JEMBE. Hivi mnaelewa uzito wa hilo neno kwa mtu aliyefunga keekee ya haidroliki kwenye lori?

Kimya_Kimya: Miaka yote nasoma tu humu, leo nimejiunga ili niulize: jembe lilikuwa la mpini mrefu au mfupi?

Mwenye uzi: Mrefu. Kwa nini?

Kimya_Kimya: Basi tu.

Mama Spana: Kabla hamjanunua PTO, angalieni inazunguka upande gani. Mimi nililetewa pampu ya mkono wa kushoto kwenye PTO ya mkono wa kulia. Aliyeniletea naye mnamjua, yule wa "spea zote zinaingiliana". Dakika moja haikuisha, sili ya shafti ikachomoka, oili ikapaka ukuta mzima wa karakana. Nikampigia simu, akaniuliza, "Una uhakika ulifunga vizuri?" Mimi! Niliyeanza kufunga pampu yeye bado anaburuta kigari cha bati!

Gia_ya_Tano: Hahaha, "spea zote zinaingiliana"! Aliniuzia na mimi mpira wa haidroliki, ati unahimili presha yoyote. Ulipasuka nikiwa na shati jeupe.

Grisi_Mkononi: Nani anavaa shati jeupe kwenye haidroliki?

Gia_ya_Tano: Ilikuwa harusi ya dada yangu, nilipita mara moja tu kuonyesha mashine inavyofanya kazi.

Silensa_Mbovu: Mara moja tu. Hilo neno limeua mashati mengi.

Kokoto: Shati si kitu, shukuru ngozi. Oili ya presha ikitoka kwenye tundu dogo inapenya mwilini kama sindano. Ukitafuta pa kuvuja tumia kipande cha kadibodi, usipitishe kiganja. Na ikikuingia, hospitali siku hiyo hiyo hata kama unaona kijitundu tu. Kwenye hili sitanii.

Mama Spana: Hapo Kokoto umesema. Leo tu.

Grisi_Mkononi: Kwa kuwa wote mpo, nani ana spana yangu ya 36? Nilimwazima mtu wa humu afunge kiungo cha mpira, ni mwezi wa tatu sasa, kila nikiuliza anasema iko kwenye gari, na gari haijulikani liko wapi.

Silensa_Mbovu: Iko kwenye gari.

Grisi_Mkononi: NI WEWE!

Silensa_Mbovu: Nimejibu kwa niaba ya mwenye nayo.

Gia_ya_Tano: Tukiwa kwenye injini za pembeni, tuongelee kelele. Jirani wa karakana yangu anajaribu yake kuanzia alfajiri, silensa kaitoa, anasema inapunguza nguvu. Watoto hawalali, na mbwa ameacha kubweka, naona amekata tamaa.

Silensa_Mbovu: Silensa iliyoziba kwa masizi inapunguza nguvu kweli. Iliyo safi, haipunguzi kitu cha kumfanya mtu aitoe. Mwambie aisafishe.

Kokoto: Jina lako linakusuta, mkuu.

Silensa_Mbovu: Ndiyo maana najua.

Mwenye uzi: Nimerudi. Nimetoka kuoga, bado nina udongo sikioni. Nimeamua nafunga PTO, na taa, na king'ora kabisa. Lakini kabla ya hapo nataka huyo mtu aje hapa hapa, mbele yenu, afute lile neno. Mbona hajaja? Kila uzi yumo, huu tu hayumo?

Kimya_Kimya: Yupo. Naona amependa komenti ya Kokoto ya "jembe halina betri".

Mwenye uzi: ...

Mwenye uzi: Amependa saa ngapi?

Grisi_Mkononi: Spana yangu jamani.

Gia_ya_Tano: Hiyo silensa anaisafishaje, kwa mafuta ya taa au anaichoma moto?

Mwenye uzi: Wakuu, tumeachana na jembe?

Silensa_Mbovu: Jembe gani tena, mkuu? Subiri kwanza. Gia_ya_Tano, usiichome ikiwa bado imefungwa kwenye injini.