Mwamuzi wa sataranji Dodoma alinikatalia hatua halali na kitabu cha sheria kikiwa mezani kwake

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na uchungu ambao siku tatu hazijautuliza. Jumamosi nilipanda basi la alfajiri kutoka Kondoa kuja Dodoma mjini kwa mashindano ya wachezaji wa ridhaa, na mchezo wangu wa raundi ya tatu uliharibiwa na mtu aliyewekwa pale kuulinda.

Nilikuwa na kete nyeupe, nikafungua kwa mfumo wa London, mpangilio mmoja wa kuanzia mchezo (herufi na namba hutaja nyumba, yaani miraba ya ubao): askari d4, askofu f4, e3, c3, malkia b3, farasi d2. Mpinzani alijibu d5, farasi f6, askofu f5, e6, b6, na askofu wa pili e7. Njia ya mfalme upande wa malkia ilikuwa wazi kabisa, hivyo hatua ya saba nikacheza ile hatua maalumu inayosogeza mfalme na ngome kwa pamoja: nikamshika mfalme, nikampeleka c1, nikairusha ngome hadi d1 na kubonyeza saa.

Mpinzani akanyoosha mkono. Mwamuzi akaja, akaweka kidole juu ya b1, akasema nyumba hiyo inashambuliwa na askofu wa f5, kwa hiyo hatua yangu ni batili. Akampa mwenzangu dakika mbili za nyongeza, akaniamuru nimchezeshe mfalme kwa kuwa nimekwisha kumgusa. Mfalme akaishia d1, ngome yangu ikafungiwa nyuma yake, nikashindwa hatua ya 24.

Kifungu cha 3.8 cha sheria za FIDE, shirikisho la sataranji la dunia, kwa hatua hii kinatazama kama zinashambuliwa nyumba aliyosimama mfalme, anayoipita na anayoifikia, yaani e1, d1 na c1. Nyumba ya b1 hupitwa na ngome peke yake, na ngome haina katazo hilo. Hata Yuri Averbakh, bingwa wa Umoja wa Kisovyeti wa 1954, alilitilia shaka jambo hilihili mpinzani wake Cecil Purdy alipolifanya mjini Adelaide, Australia, mwaka 1960; akaelezwa, mchezo ukaendelea. Kutojua kwa mchezaji nakuelewa. Nisichokubali ni mwamuzi niliyemsihi mara mbili afungue kitabu kilichokuwa mbele yake, naye akanijibu kwamba nawachelewesha wenzangu.

Niliomba kukata rufaa, nikaambiwa hakuna kamati.

Karatasi yangu ya kuandikia hatua ninayo, na hatua ya saba imekatwa kwa kalamu ya mwamuzi mwenyewe. Nawataka waandaaji watamke hadharani kwamba hatua ile ilikuwa halali, na mashindano yajayo waweke mwamuzi anayefungua kitabu anapoombwa.