MREJESHO: Ile ishu ya "neun" kwenye Kikorea nimeielewa, ila kwa aibu

Wakuu, wiki ile niliuliza kwa nini nilipomwambia dada mmoja Mkorea tunayepiga naye stori mtandaoni "oneureun yeppeuneyo", nikimaanisha leo umependeza, alicheka halafu akaniuliza "kwani jana nilikuwaje?" Mlioniambia tatizo ni hiyo "eun" ya mwishoni mwa "oneureun" (oneul + eun) mlikuwa sahihi asilimia mia.

Iko hivi, mimi nilikariri kwamba eun/neun ni alama ya mada basi, yaani inaonyesha unazungumzia nini, eun baada ya konsonanti na neun baada ya vokali, kumbe ina kazi ya pili ya kulinganisha, ukiibandika kwenye "oneul" (leo) unaitenga leo na siku nyingine, yaani leo ndiyo afadhali. Na sisi tunayo bwana! Mwambie mtu "LEO umependeza" ukikazia leo uone atakavyokukata jicho. Tofauti ni kwamba sisi tunatumia sauti, wao wana kabisa kasilabi kake.

Nikaijaribu kwingine: "maekjuneun masyeoyo", bia nakunywa, na msikilizaji anajua fika kuna kitu kingine sinywi hata kama sijakitaja. Mdau aliyesema Kijapani nacho kina "wa" ya hivyo hivyo, nimekubali, "biiru wa nomimasu" (bia nakunywa) nayo inanuka "lakini..." ileile iliyojificha.

Jana nimerekebisha, nikamwandikia "oneuldo yeppeuneyo", leo PIA umependeza. Akajibu kwa vikopa vitatu, sasa sijui nisome nini hapo.